Wasomi Waliorudi Darasani: Historia ya Lehrhaus ya Frankfurt

Mwishoni mwa Agosti 1920 Franz Rosenzweig alimwandikia barua mwalimu wake wa zamani, Friedrich Meinecke, mmoja wa wanahistoria walioheshimika sana katika vyuo vya Ujerumani. Meinecke alikuwa amemfungulia nafasi ya kufundisha chuo kikuu. Rosenzweig alikuwa na umri wa miaka 33, shahada ya udaktari wa falsafa anayo, na kitabu chake juu ya mwanafalsafa Hegel na dola kilikuwa kinatoka mwaka huohuo. Akakataa. Alimweleza Meinecke kwamba havutwi tena na maswali ambayo wasomi huulizana kwa ajili ya usomi wao. Alitaka kuulizwa na watu. Kazi aliyoichagua ilikuwa kuongoza masomo ya jioni ya watu wazima mjini Frankfurt, kwa Wayahudi waliotaka kujua Uyahudi wao ni kitu gani.

Masomo hayo yalifunguliwa tarehe 17 Oktoba 1920 kwa jina la Freies Jüdisches Lehrhaus, yaani Nyumba Huru ya Kiyahudi ya Mafunzo. Karne imepita na ziada. Miaka ambayo Lehrhaus ilifanya kazi ni michache: takriban sita katika awamu ya kwanza na mitano katika awamu ya pili, na hiyo ya pili iliishi chini ya macho ya polisi wa Hitler. Haikutoa shahada. Hata hivyo madarasa mengi ya watu wazima yanayofundisha Uyahudi leo, Jerusalem, London au California, yamerithi kitu kutoka kwake, na wengi wanaoketi humo hawajui wamerithi kwa nani. Historia yake inastahili kusimuliwa vizuri, pamoja na mapungufu yake.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, elimu ya watu wazima ina sura yake. Aliyekulia Tanzania atakumbuka mwaka 1970, ambao Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na madarasa ya ngumbaru ambamo akina mama na wazee walifuatisha herufi ubaoni baada ya kutoka shamba. Wanafunzi wa Frankfurt walikuwa watu wa namna nyingine kabisa. Walikuwa madaktari, mawakili, wafanyabiashara, walimu, waandishi wa magazeti. Mshairi Goethe walimjua kwa moyo, na wengi walikuwa wamesoma Kilatini na Kigiriki tangu wakiwa vijana. Lakini ukiwafungulia ukurasa mmoja wa Torati kwa Kiebrania, walishindwa kuusoma, na sala ambazo babu zao walizisema bila kutazama kitabu, wao walizisikia mara chache kwa mwaka kama maneno ya watu wengine. Walikuwa ngumbaru wa kitabu chao wenyewe. Na mtu mwenye vyeti ukutani huona aibu kubwa zaidi kukiri ujinga wa namna hiyo kuliko mkulima ambaye hakupata kufika shule.

Hali hiyo haikuja kwa siku moja. Wayahudi wa Frankfurt walikuwa watu wa kale na wa fahari. Katika kichochoro cha Judengasse, ambako walilazimishwa kuishi kwa karne nyingi, ndiko ulikotokea ukoo wa Rothschild. Haki za uraia zilipopatikana kidogo kidogo katika karne ya 19, watoto wa Judengasse waliingia katika biashara, sheria, tiba na magazeti. Leopold Sonnemann alianzisha gazeti lililokuja kujulikana kama Frankfurter Zeitung, na chuo kikuu cha mji kilipofunguliwa mwaka 1914, sehemu kubwa ya fedha zake ilitoka mifukoni mwa Wayahudi. Wapo walioshika sheria ya dini bila kulegeza, hasa wafuasi wa Rabi Samson Raphael Hirsch, waliokuwa na jumuiya yao ya pekee. Katika familia nyingine nyingi kila kizazi kilipunguza kidogo: kwanza Sabato, kisha sheria za chakula, kisha Kiebrania, mpaka kikabaki kizazi kilichojua kwamba ni Wayahudi bila kujua hilo linamdai mtu nini.

Rosenzweig alitoka katika kizazi hicho. Alizaliwa Kassel tarehe 25 Desemba 1886, mtoto wa pekee wa mfanyabiashara mwenye uwezo. Usiku wa tarehe 7 Julai 1913, mjini Leipzig, alibishana kwa saa nyingi na rafiki yake Eugen Rosenstock, aliyezaliwa Myahudi na kubatizwa. Binamu yake Rudolf Ehrenberg, naye Mkristo, alikuwepo. Hoja zikamwishia. Aliamua naye abatizwe, lakini akajiwekea sharti kwamba ataingia Ukristo kama walivyoingia mitume, akitokea katika Uyahudi na si katika utupu. Oktoba ya mwaka huo, Siku ya Upatanisho, alihudhuria sala katika sinagogi moja mjini Berlin. Kabla ya mwezi kwisha alimwandikia Rudolf kwamba hana haja tena ya kubatizwa; anabaki Myahudi.

Lehrhaus haieleweki bila kisa hiki. Mtu aliyefika mpaka ukingoni na kurudi hawezi kuwaambia wenzake walioko ukingoni kwamba wao ni wapotevu. Anajua njia waliyoipita, maana aliipita yeye. Rosenzweig hakurudi akijifanya hakuwahi kusoma Hegel. Alirudi na Hegel wake, na Kijerumani chake, na maswali yake yote, kisha akawataka wengine waje vivyo hivyo.

Alikwenda Berlin kusoma kwa mwanafalsafa mzee Hermann Cohen. Vita vilipozuka akapelekwa Makedonia katika kikosi cha mizinga ya kupigia ndege, na huko, mwaka 1918, akaanza kuandika kitabu chake kikuu, *Der Stern der Erlösung*, kwenye kadi za posta na barua alizozituma nyumbani kwa mama yake. Kilichapishwa mwaka 1921. Mwaka 1917, vita vikiendelea, alikuwa ametoa waraka wa wazi kwa Cohen akidai elimu ya Kiyahudi ya Ujerumani ijengwe upya tangu mtoto anapoanza shule. Waraka ulipata masikio. Mwaka 1919 ilianzishwa Berlin akademia ya taaluma za Kiyahudi, lakini Cohen alikwisha kufariki, na akademia ikawa mahali pa wataalamu kufanya utafiti na kuchapisha vitabu. Rosenzweig alikuwa ameomba walimu, akapewa watafiti.

Waraka wake uliofuata, wa 1920, ulikuwa na sauti tofauti. Vitabu, alisema, vimetosha. Mipango na vyama vimetosha. Kinachokosekana ni watu, na watu hawapatikani kwa mpango. Fungueni chumba ambamo watu watazungumza, wapeni muda wa kuzungumza, na msiwadai chochote isipokuwa hamu yao. Anayekuja akiwa na hamu hiyo tayari anastahili kuwapo, na miongoni mwa hao wanaokuja ndimo walimu watakamopatikana, kwa sababu anayefundisha katika chumba hicho lazima awe naye anajifunza. Haya ni madai mazito. Naamini walimu wengi wa dini, wa dini yoyote ile, hawajayakubali mpaka leo.

Frankfurt tayari ilikuwa na mihadhara ya Kiyahudi ya kuelimisha umma. Mmoja wa walioianzisha ni Rabi Georg Salzberger, aliyewahudumia askari Wayahudi wakati wa vita. Rosenzweig alialikwa aiongoze kazi hiyo. Aliibadilisha jina na mwendo. Kila jumuiya ya Kiyahudi ya zamani ilikuwa na nyumba ya mafunzo, mahali ambapo wanaume walikaa na Talmudi wakibishana juu ya aya moja hadi usiku, na Rosenzweig alitaka mwendelezo huo usikike katika jina. Uhuru uliotajwa katika jina ulikuwa na maana yake pia: hapakuwa na mtihani wa kuingia, wala mtu hakuulizwa anashika Sabato au hashiki, anaunga mkono Uzayuni au anaupinga. Wanawake walikuja kama wanaume.

Katika hotuba ya ufunguzi Rosenzweig alieleza jinsi mafunzo haya yanavyotofautiana na ya wazee. Zamani Myahudi alianza na Torati akaelekea kwenye maisha. Torati ilikuwa ndiyo nyumbani, na ulimwengu ulifasiriwa kutokea humo. Kizazi chake kiko nje, kinaishi katika ulimwengu ambao hauijui Torati, au unajifanya hauijui. Basi mafunzo lazima yaanzie hukohuko nje, kwenye udaktari wa daktari na uwakili wa wakili, yakirudi kidogo kidogo kuelekea ndani. Hakuna anayetakiwa kuacha kitu mlangoni. Ndiyo maana aliyeijua Torati kidogo kuliko wote aliweza kuwa na jambo la kusema, na ndiyo maana Rosenzweig hakuwaogopa walimu wasio wataalamu. Aliwatafuta.

Mwaka uligawanywa katika mihula mitatu. Mihadhara mikubwa ilifanyika mbele ya ukumbi uliojaa, nayo ilileta watu na ada walizolipa. Kando yake kulikuwa na darsa ndogo za watu wachache waliozunguka maandiko: Torati, manabii, Zaburi, kitabu cha sala, Talmudi, na masomo ya Kiebrania kwa wasiojua hata herufi. Kwa Rosenzweig hizo darsa ndizo zilizokuwa shule yenyewe. Mhadhara mtu huusikiliza akarudi nyumbani kama alivyokuja. Kwenye darsa, zamu yake ikifika, husoma yeye, hukosea mbele ya wenzake na kusahihishwa. Katika ile awamu ya kwanza Lehrhaus ilitoa mfululizo wa mihadhara 90 na vikundi vya masomo vipatavyo 180, vikiongozwa na walimu 64. Ilipofikia kilele ilikuwa na wanafunzi wapatao 1,100, yaani takriban asilimia 4 ya Wayahudi wote wa mji. Kwa shule ya hiari inayofanyika jioni, watu wakitoka kazini wamechoka, hesabu hiyo ni kubwa mno.

Orodha ya waliofundisha inasisimua kila ninapoirudia. Aliyekuwa kama mhimili wake ni Rabi Nehemiah Anton Nobel wa sinagogi ya Börneplatz, mzaliwa wa Hungaria, mshika dini wa dhati aliyekuwa pia mpenzi wa Goethe na mfuasi wa Uzayuni. Kwa kawaida mambo hayo hayakukaa katika moyo mmoja, na vijana wasomi walimpenda kwa sababu ndani yake yalikaa. Alipotimiza miaka 50 mwaka 1921 walimwandikia kitabu cha heshima. Januari 1922 akafariki ghafla, na mji ukampoteza mtu pekee aliyeweza kuwaweka pamoja washika dini na wasioshika.

Eduard Strauss alikuwa mkemia. Mchana alikuwa maabara, jioni aliongoza darsa ya Biblia, bila cheo cha dini wala mafunzo ya lugha za kale, akiusoma mstari wa kitabu kama mtu anayesemeshwa nao. Waliomsikiliza walishikamana naye sana, na darsa yake ilidumu kuliko nyingi. Richard Koch alikuwa daktari na mwanahistoria wa tiba. Bertha Pappenheim alikuwa amekwisha kujijengea jina kama mwanzilishi wa Umoja wa Wanawake wa Kiyahudi mwaka 1904 na mlezi wa nyumba ya wasichana na watoto huko Neu-Isenburg. Miaka mingi baadaye ilijulikana kwamba ndiye mgonjwa ambaye Josef Breuer na Sigmund Freud walimwandika kwa jina la Anna O. Rabi Leo Baeck alikuja kutoka Berlin. Mwandishi wa Kiebrania S. Y. Agnon, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1966, aliishi karibu, Bad Homburg, na alishiriki. Erich Fromm, Leo Löwenthal, Siegfried Kracauer, Ernst Simon, Nahum Glatzer na Leo Strauss, waliokuja kuwa wasomi wenye majina, walikuwa vijana tu, wengine bado hawajatimiza miaka 25.

Gershom Scholem alifundisha mwaka 1923, miezi michache kabla hajahamia Palestina, naye alitaka ukali zaidi. Alichukua kundi dogo na kusoma nalo maandiko ya Kabala, yaani mafundisho ya siri ya Kiyahudi, kitabu cha Danieli na hadithi za Agnon, yote kwa lugha ya asili. Yeye na Rosenzweig walikuwa wamegombana vikali juu ya kama Uyahudi wa Ujerumani una kesho. Mgogoro huo haukumzuia kufundisha chini ya paa hilo, na mimi naliona hilo kuwa sifa ya Lehrhaus kuliko jina lolote kubwa lililoandikwa katika ratiba yake.

Aliyeleta mabadiliko makubwa zaidi ni mwanafalsafa Martin Buber. Desemba 1921 Rosenzweig alimtembelea Heppenheim na kumwomba aje kufundisha. Buber, aliyezoea kukataa mialiko ya aina hiyo, alikubali, jambo lililomshangaza yeye mwenyewe. Kuanzia Januari hadi Machi 1922 alitoa mihadhara minane juu ya dini kama jambo la sasa, na wasikilizaji walimkatiza kwa maswali. Yale aliyoyasema pale, yakiwa yamesagwa na maswali hayo, yaliingia katika kitabu chake *Ich und Du* cha mwaka 1923, kimojawapo cha vitabu vya falsafa vilivyosomwa sana katika karne ya 20. Kilianza kama masomo ya jioni ya watu wazima.

Rosenzweig mwenyewe hakuwa mhadhiri mzuri, na maadhimisho yasilifiche hilo. Alisema mambo mazito kwa mkupuo, akidhani msikilizaji amesoma alichosoma yeye. Watu walijaa siku za kwanza, kisha wakapungua. Aliwatafutia walimu wengine sauti waliyoihitaji, lakini yeye mwenyewe alipanda jukwaani akawapita juu ya vichwa. Katika darsa ndogo, hasa ya Kiebrania, alikuwa mtu mwingine. Aliuliza, akasubiri, akafurahia swali la mwanafunzi asiyejua kitu.

Mwanzoni mwa 1922 miguu na mikono yake ilianza kumgomea. Richard Koch, mwalimu mwenzake, ndiye aliyemchunguza na kutambua ugonjwa: neva zinazoendesha misuli zilikuwa zinakufa, na hapakuwa na dawa. Alitazamiwa kuishi mwaka mmoja hivi. Rudolf Hallo, kijana kutoka Kassel, alikabidhiwa uongozi wa Lehrhaus, na baadaye ukawa wa wachache kwa pamoja. Septemba 1922 Edith, mkewe, alijifungua mtoto wao Rafael. Mwisho wa mwaka mkono wa Rosenzweig haukuweza kushika kalamu, na mwaka uliofuata sauti ikapotea. Mwaka huo wa ukimya, 1923, Leo Baeck alimtunukia cheo cha heshima cha marabi kinachomaanisha mwalimu wetu.

Aliishi miaka saba. Alitumia taipureta iliyotengenezwa kwa ajili yake, akionyesha herufi moja moja. Hilo lilipomshinda, Edith alikisia neno kutokana na herufi ya kwanza na ya pili na yeye akaitikia kwa macho. Kwa njia hiyo alitafsiri mashairi ya Yehuda Halevi kwa Kijerumani, akaandika barua na makala, na kuanzia 1925 akaanza na Buber tafsiri mpya ya Biblia ya Kiebrania. Katika nyumba yao ya juu, Schumannstrasse 10, wageni walikuja kusali Sabato na kusoma pamoja naye, na hivyo sehemu ya Lehrhaus ikahamia chumbani kwa mgonjwa. Alifariki tarehe 10 Desemba 1929. Tafsiri ilikuwa imefika Isaya sura ya 53. Hotuba za kumsifu hazikutolewa mazikoni, alivyotaka mwenyewe. Buber alisoma Zaburi ya 73.

Kufikia 1926 mihadhara ya Lehrhaus ilikuwa imekwisha kufifia. Mfumuko wa bei wa 1923 ulikuwa umekula akiba za watu wa tabaka la kati, Nobel hayupo, Rosenzweig hawezi kutoka, vijana wenye vipaji wametawanyika. Vikundi vichache viliendelea kukutana. Wapo wanaoita huko kushindwa. Mimi naona kwamba shule iliyotegemea watu badala ya ofisi ilifuata maisha ya watu wake, na udhaifu huo ulikuwa upande wa pili wa nguvu yake. Wakati huohuo mfano wake ulikuwa umechukuliwa na miji mingine. Stuttgart ilianzisha Lehrhaus yake mwaka 1926, Otto Hirsch akiwa mmoja wa waasisi, na nyingine zikafuata.

Januari 1933 Hitler aliingia madarakani. Aprili sheria iliwaondoa Wayahudi katika utumishi wa serikali, na mwaka huo Buber alipoteza nafasi yake katika Chuo Kikuu cha Frankfurt. Mawakili walifungiwa mahakama, watoto walitengwa madarasani na walimu waliowafundisha tangu awali. Tarehe 19 Novemba 1933 Lehrhaus ya Frankfurt ilifunguliwa tena, Buber akiiongoza.

Waliokuja sasa hawakuja kwa udadisi. Miaka 13 nyuma mtu aliweza kuingia Lehrhaus akitafuta kitu cha kuongeza katika maisha yaliyokuwa kamili. Sasa maisha yenyewe yalikuwa yamepasuka. Mtu alikuwa ameambiwa na serikali yake kwamba yeye ni Myahudi tu na si kitu kingine, na hakujua hilo la kuwa Myahudi lina nini ndani yake isipokuwa matusi aliyoyasoma magazetini. Ni ukatili kuambiwa wewe ni kitu fulani huku hukijui. Buber na wenzake walichukua jukumu la kukijaza kitu hicho.

Mwaka 1934 chama kikuu cha Wayahudi wa Ujerumani, kilichoongozwa na Leo Baeck na Otto Hirsch akiwa mtendaji mkuu wake, kiliunda ofisi ya kitaifa ya elimu ya watu wazima na kuikabidhi kwa Buber. Ernst Simon, aliyekuwa amehamia Palestina, alirudi Ujerumani kusaidia. Fikiria uamuzi huo: mtu aliyekwisha kuwa salama anarudi ndani ya nchi ya Wanazi ili afundishe Biblia. Mei 1934 walimu walikutana Herrlingen, karibu na Ulm, kupanga kazi. Kisha zikafuata kambi za mafunzo za siku kadhaa katika sehemu mbalimbali za nchi, walimu wa shule za Kiyahudi na viongozi wa vijana wakila, wakisali na kusoma pamoja.

Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, walituma watu wao kuketi ukumbini. Kwa hiyo mwalimu alisoma Zaburi. Alieleza mstari unaomhusu mwenye nguvu anayejivunia uovu wake, akaeleza sarufi yake na historia yake, na kila Myahudi aliyekuwa mle alielewa anayezungumziwa, huku mpelelezi akiandika kwamba limefundishwa somo la Biblia. Simon alikuja kuieleza mbinu hiyo katika kitabu alichokichapisha mwaka 1959, akionyesha kwamba ni desturi ya kale ya marabi kusema na walioonewa kupitia maandiko. Njia ambayo Rosenzweig aliitaja mwaka 1920, kutoka katika maisha kuelekea Torati, sasa ilipitwa na watu waliokuwa wanasukumwa.

Februari 1935 Buber alipigwa marufuku kuhutubia hadharani. Aliendelea kadiri alivyoruhusiwa, na Machi 1938 akahamia Jerusalem. Mwaka mmoja kabla alikuwa amemleta Frankfurt kijana kutoka Warsaw, Abraham Joshua Heschel, ashike nafasi yake. Mwisho wa Oktoba 1938 polisi walimkamata Heschel pamoja na maelfu ya Wayahudi wenye uraia wa Poland na kuwafukuza hadi mpakani. Siku chache baadaye, usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Novemba, masinagogi ya Ujerumani yalichomwa moto, ya Börneplatz mojawapo. Lehrhaus haikufunguliwa tena.

Otto Hirsch alikufa mwaka 1941 katika kambi ya Mauthausen. Leo Baeck alipelekwa Theresienstadt, akanusurika. Richard Koch alikuwa amekimbilia Umoja wa Kisovyeti mwaka 1936, akafia Kaukasi. Eduard Strauss alifika New York. Salzberger alifika London. Wanafunzi wengi hawakufika popote. Mahali ilipokuwa sinagogi ya Nobel leo kuna kumbukumbu, na ukuta wake wa makaburi una majina ya zaidi ya watu 11,000 wa Frankfurt waliouawa. Haiwezekani kusoma ukuta ule bila kupita kwa mtu aliyewahi kuketi katika zile darsa.

Vitabu vya Rosenzweig vilipata safari ya ajabu inayotugusa sisi wa bara hili. Mwaka 1939 vilipakiwa melini kupelekwa Palestina. Vita vikazuka meli ikiwa njiani, ikaelekezwa Tunis, na maktaba ya mtu aliyefundisha Frankfurt ikabaki Afrika. Leo imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Tunisia.

Walionusurika walibeba mtindo wao. Glatzer alifundisha Chuo Kikuu cha Brandeis huko Marekani, na kitabu chake cha 1953 ndicho kilichowajulisha wasomaji wa Kiingereza Rosenzweig alikuwa nani. Heschel alikuwa mwalimu wa kizazi kizima cha Wayahudi wa Marekani, na mwaka 1965 aliandamana Selma bega kwa bega na Martin Luther King. Jerusalem, mwaka 1949, Buber alianzisha chuo cha kuwaandaa walimu wa watu wazima kwa ajili ya wahamiaji waliokuwa wanafurika kutoka Ulaya na nchi za Kiarabu. Alikuwa na umri wa miaka 71 na alianza upya kazi ileile. Mwaka 1968 vijana wa eneo la Boston walianzisha Havurat Shalom, jumuiya ya kusoma na kusali pamoja bila ngazi za vyeo, na Berkeley, mwaka 1974, ikafunguliwa shule ya watu wazima iliyojiita Lehrhaus Judaica, jina likitamka wazi deni lake.

Darasa la namna hii lilivyo leo lingemfurahisha Rosenzweig na kumsumbua pia. Katika sinagogi nyingi za Ulaya na Marekani utamkuta mwanamke aliyelelewa bila dini, mwanamume anayetaka kuoa Myahudi, mzee aliyegundua kuchelewa kwamba bibi yake alikuwa Myahudi, na mtu anayefikiria kuingia katika Uyahudi akitokea Ukristo, njia ambayo Rosenzweig karibu aipite kinyume. Wote wanafuata mtaala: sikukuu, sala, historia, sheria za chakula. Mtaala ni kitu alichokuwa na wasiwasi nacho. Lakini mwalimu mzuri huacha ukurasa wa mtaala mtu anapouliza kwa nini, na hapo ndipo Lehrhaus inapoanza.

Walioushika kuliko wengine mkazo wa Rosenzweig kwamba anayefundisha lazima naye ajifunze, kwa maoni yangu, ni watu wa Limmud, mkutano wa mafunzo ulioanza Uingereza mwaka 1980 na sasa unafanyika katika nchi nyingi, Afrika Kusini ikiwemo. Wanaofundisha hawalipwi. Vyeo havitajwi, kwa hiyo profesa na muuza duka wanaonekana kwenye ratiba kwa majina yao tu, na aliyefundisha saa tatu asubuhi unamkuta saa nne katika chumba cha jirani, ameketi na daftari, anajifunza kwa mtu aliyekuwa mwanafunzi wake.